Habari Imfikie Aliyekimbia Kwake: Tovuti na Simu Zitusaidie Namna Gani Hapa Lubunga?

Maneno yaliyosemwa na afisa wa nyanjani wa shirika moja la Kisangani, mbele ya wawakilishi wa familia zilizohama, mashefu wa kartie na viongozi wa makanisa, komini ya Lubunga.



Nimeombwa niseme juu ya tovuti za mashirika, Facebook na WhatsApp, na namna gani vyombo hivi vinaweza kuwasaidia watu vizuri zaidi. Najua wako watakaosema: huyu anatuletea mambo ya intaneti wakati sisi tunatafuta unga na turubai. Wana haki kusema hivyo. Lakini kila ninapopita penye familia zilizokimbia, iwe darasani, kanisani au katika nyumba ya jamaa ambayo sasa inalaza watu kumi na watano, swali la kwanza ninaloulizwa mara nyingi si la unga. Ni hili: njia ya kwetu imekuwa salama? Nani amebaki kijijini? Nikirudi, shamba nitalikuta mikononi mwa nani? Hayo ni maswali ya habari. Na mtu akipewa jibu la uongo, anaweza kupanda baiskeli asubuhi kurudi nyumbani na asifike.

Namna mambo yalivyoanza mnaijua kuliko mimi. Tangu Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, uliotokana na ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo, uligeuka kuwa mauaji na kuchoma nyumba. Mamia ya watu wameuawa. Makumi ya maelfu wamekimbia vijiji, wengi wakija hapa na wengine wakivuka mto kwenda Makiso, Mangobo na komini zingine za ng'ambo. Sikuja kusema nani mwenye haki juu ya ardhi. Hiyo ni kazi ya mahakama, ya serikali na ya wazee wa pande zote mbili. Mimi nasema juu ya maneno, yaani yale yanayoingia katika simu zetu na yale yasiyoingia.

Nianze na upande wetu sisi wa mashirika, maana ni vyepesi sana kuja hapa kuwafundisha vijana juu ya uvumi na kunyamaza juu ya kasoro zetu. Fungueni tovuti ya shirika lolote linalofanya kazi katika jimbo la Tshopo. Mtakuta nini? Kifaransa au Kiingereza. Picha kubwa ya mama amebeba mtoto. Idadi ya watu waliosaidiwa, alama za wafadhili, na ripoti ndefu ambayo simu ndogo haiwezi kuifungua. Ripoti hiyo imeandikwa kwa mtu aliyeko Kinshasa au Geneva. Sisemi ni vibaya. Anayetoa pesa anapaswa kujua zimekwenda wapi. Lakini yule mama aliye kwenye picha, ambaye anasema Kiswahili na Lingala, akitaka kujua ugawaji utakuwa siku gani, nani aliandikwa, na akirukwa aende kulalamika kwa nani, hapati hata mstari mmoja. Jina lake linazunguka dunia, na habari inayomhusu haifiki kwake.

Kuna tovuti chache zinazofanya tofauti. Msalaba Mwekundu una huduma ya kutafutia watu jamaa zao waliopotezana kwa ajili ya vita, na sehemu ya kazi hiyo hupitia mtandaoni. Lakini angalieni walivyoipanga. Aliyepotezana na mtoto hahitaji kuwa na simu wala kujua kusoma. Anakwenda kwa mtu wa Msalaba Mwekundu, anaeleza, yule anaandika, na barua ya familia inasafiri kwa mkono mpaka kule ndugu aliko. Mashine inasaidia watu wanaotembea kwa miguu. Wala hawalipishi. Mtu akiwaambia kwamba mtalipa ili jina la mtoto wenu liingizwe katika kompyuta, mjue huyo ni mwizi.

Sasa tutazame simu zenyewe. Katika familia nyingi ninazozijua kuna simu moja, na simu hiyo inakaa mfukoni mwa baba au mwa kijana mkubwa. Umeme ni wa kubahatisha. Simu inapelekwa kwa mwenye paneli ya jua au jenereta, inalipiwa, na inakaa huko nusu siku. Mega zinanunuliwa za siku moja, labda za saa chache. Kwa hiyo shirika likituma waraka wenye picha sita, limekula mega za mtu bure. Na likisema "tulitangaza kwenye WhatsApp", limewatangazia wanaume na vijana. Mama mjane, mzee asiyeona vizuri, msichana anayechota maji wakati simu imewaka, hao hawakutangaziwa kitu.

Ndiyo maana sisi wa nyanjani tunawaomba wakubwa wetu wa ofisi mambo ambayo hayana gharama kubwa. Ujumbe wa sauti wa dakika moja, kwa Kiswahili na kwa Lingala, badala ya waraka. Mwanzoni mwa ujumbe isemwe siku, tarehe na mahali, maana ujumbe usio na tarehe unaendelea kuzunguka hata baada ya mwezi, na watu wanakuja kupanga mstari kwenye ugawaji uliokwisha zamani. Maneno yale yale yaandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi na kubandikwa penye bomba la maji, mlangoni mwa kanisa na kwa shefu wa kartie. Na tovuti iwe na ukurasa mmoja mwepesi, usio na picha, wa maneno tu, ambao kijana mmoja akiufungua anaweza kuwasomea wengine ishirini. Ukurasa huo uwe na namba ambayo mtu anaipiga, na upande wa pili awepo mtu anayejibu.

Hapo kwenye kujibu ningependa kukaa kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndipo penye shida kuliko zote. Wengi wetu tunadhani kazi ya tovuti ni kutangaza. Tunatupa habari kama mtu anayetupa nyavu, halafu tunakwenda zetu. Lakini anayekimbia anahitaji kuuliza. Akiuliza mara mbili asijibiwe, atamuuliza mwingine, na huyo mwingine ndiye mwenye uvumi, kwa maana mwenye uvumi hana kazi nyingi, anajibu upesi.

Nipeleke mawazo yenu mbali kidogo, mpaka pwani ya Kenya, penye bonde la mto Tana. Kule kuna Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji. Waligombana juu ya ardhi na maji, na kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 waliuawa watu zaidi ya 100, vijiji vikachomwa. Mnaona si mbali sana na yetu. Waliochunguza waliona kwamba hofu ilikuwa inabebwa na uvumi: upande mmoja unaambiwa wale wa pili wanakusanya silaha, basi unajiandaa, upande wa pili unaona maandalizi, unasema kumbe ni kweli. Baada ya vita hivyo shirika la Sentinel Project kutoka Kanada, pamoja na Wakenya, lilianzisha kazi iliyoitwa Una Hakika. Jina lenyewe ni swali, na ni swali zuri kumwuliza mtu aliyekuja anahema.

Kazi ilikwenda hivi. Mtu akisikia neno la kutisha, anatuma ujumbe mfupi wa simu, au anapiga, au anamwambia mjumbe wa kujitolea aliyechaguliwa katika kijiji chake. Ofisini wanaliandika neno lile: limesemwa wapi, lini, linahusu nani. Kisha wanauliza watu walio karibu na mahali penyewe na wanaoaminika, kwa mfano shefu, mwalimu, polisi, mzee wa upande huu na mzee wa upande ule. Wakijua ukweli, wanarudisha jibu kwa watu wa eneo lile: jambo hili si kweli, au jambo hili ni kweli, na hatua hizi zimechukuliwa. Waliona pia kwamba si lazima mtu awe na simu ya kisasa. Ile ndogo ya vitufe inatosha, na asiye nayo kabisa anaye mjumbe wa kijiji.

Mnisikie vizuri hapo niliposema "jambo hili ni kweli". Wako viongozi wanaofikiri kuzuia uvumi ni kusema kila mara kwamba hakuna kitu, mambo ni shwari, kaeni kwa amani. Ukisema hivyo leo, na kesho watu wakaona moshi, hawatakuamini tena, hata siku utakapokuwa unasema ukweli. Ni afadhali kusema: tumesikia, hatujajua, tutawapa jibu leo jioni. Na jioni ifike ukiwa na neno.

Hapa Lubunga tunao watu wa kazi hiyo, hata kama hatuna ofisi kubwa. Waendesha toleka wanafika penye njia ambazo gari halipiti. Wenye mitumbwi wanajua nani amevuka na kutoka wapi. Wamama wa soko wanajua kama mihogo ya kijiji fulani imeanza kuja tena, na mimi naona mihogo hiyo ni habari ya usalama kuliko matangazo mengi: watu hawachimbi mihogo mahali wanapoogopa. Kuna Radio Okapi, ambayo tangu 2002 inasema nasi kwa Kiswahili na Lingala pamoja na lugha zingine, na inasikika hata pale ambapo mega zimekwisha. Simu ziwaunganishe watu hawa, zisichukue nafasi yao.

Kwa wale wenye WhatsApp, niseme mambo machache ya ufundi, kwa sababu vijana waliniuliza. Ujumbe uliopitishwa kutoka kwa mtu mwingine una mshale mdogo na maneno yanayosema umetumwa kwingine. Ukiona mishale miwili, maana yake umepita mikononi mwa watu wengi sana. Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari hiyo: tangu Januari 2019 huwezi kuupitisha ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule wenye mishale miwili unakwenda kwa mmoja mmoja tu. Kwa hiyo mishale miwili ukiisoma vizuri inakuambia kwamba aliyekutumia hakuona jambo hilo kwa macho yake, na aliyemtumia yeye pia hakuona. Sauti inayosema "mimi ndugu yangu ni askari, ameniambia" iulizeni: ndugu gani, askari wa wapi, siku gani? Picha ya maiti iulizeni imepigwa wapi. Picha nyingi zinazozunguka wakati wa hofu ni za zamani au za nchi nyingine. Tazameni miti, mavazi, maandishi ya ukutani, rangi ya udongo. Aliyezaliwa kwenye njia ya Ubundu au ya Opala anaujua udongo wa kwao.

Na kama picha ni ya kweli? Hata hapo msiitume katika kundi. Mjulisheni shefu, polisi au shirika mnaloliamini, kwa siri. Marehemu ana mama, na huyo mama asijue kifo cha mtoto wake kwa simu ya jirani.

Kuna jambo lingine la hatari ambalo linafanywa kwa nia njema. Ni orodha. Shirika linaandika familia, mtu anapiga picha ya karatasi, anaiweka katika kundi ili kila mtu aone kama ameandikwa. Ndugu zangu, hapa kwetu jina la mtu linasema kabila lake. Orodha yenye majina, kijiji na mahali familia inapolala, ikitoka mkononi mwa mwema ikaingia mkononi mwa mbaya, inakuwa ramani ya kulipiza kisasi. Orodha isomwe mahali pa mkutano, au mtu aende aulize jina lake peke yake. Ni vile vile na picha za watoto, na za wasichana waliotendewa mabaya. Mgeni akitaka kupiga picha, mwulizeni itakwenda wapi. Mnaweza kukataa, na kukataa kusiwanyime msaada. Shirika litakalosema kwamba asiyepigwa picha hapewi kitu, njooni mtuambie.

Wakenya walikutana na swali hilo hilo mwanzoni mwa 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yao iliwaka, zaidi ya watu 1,000 wakafa, na vijana wachache wakatengeneza tovuti iliyoitwa Ushahidi. Mtu alituma habari ya yale aliyoyaona, nayo ikawekwa katika ramani. Ilisaidia dunia kuona, na baadaye ikatumika katika nchi nyingi. Lakini ramani inayoonyesha mahali watu walipojificha inaweza kusomwa na yeyote. Basi tukipewa chombo kama hicho hapa, tuulize kwanza nani atakayeiona ramani, kabla ya kushangilia kwamba ni ya kisasa.

Sasa niseme juu ya pesa, maana najua wengi mnangojea hapo. Vita vya siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, Warwanda na Waganda walipopigana katika mji wetu, viliacha wafu na vilema katika familia nyingi za Kisangani. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, kwa mafungu matano ya kila mwaka. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu. Serikali ilikuwa imekwisha kuunda mfuko unaoitwa FRIVAO, wenye makao hapa Kisangani, wa kuwagawia waathirika. Jambo hili ni la kweli, na kwa kuwa ni la kweli, limekuwa shamba la matapeli. Anakuja mtu na ujumbe wa WhatsApp wenye alama ya serikali: tuma dola tano, tuma picha ya kadi yako ya mpigakura, utaingizwa. Msitume. Yanayohusu mfuko yaulizwe kwenye ofisi ya mfuko wenyewe, ana kwa ana, na ikiwezekana mwende wawili. Tena nawaomba msichanganye mambo mawili: fidia ile ni ya vita vya majeshi ya Uganda, si ya mgogoro wa 2023. Anayewaambia waliohama Lubunga kwamba wataandikwa FRIVAO kwa sababu ya nyumba zilizochomwa juzi anawauzia hewa.

Wenye kuongoza makundi ya WhatsApp, neno langu kwenu ni fupi. Tangu 1966 nchi yetu ina sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila, na tarehe 13 Machi 2023 ilitiwa sahihi sheria nyingine juu ya mambo ya mtandao, yenye adhabu kwa maneno ya chuki ya kikabila na kwa habari za uongo. Ni mwezi mmoja tu baada ya moto kuwaka hapa kwetu. Mwenye kundi anao uwezo wa kufuta ujumbe na wa kumtoa mtu. Autumie. Lakini kumtoa tu hakutoshi: ampigie simu yule kijana, amwulize kimemwuma nini. Nimeona zaidi ya mara moja kwamba aliyeandika maneno makali usiku ni mtu ambaye mchana alipata habari ya ndugu yake aliyeuawa, akakosa wa kumlilia.

Na tusiweke mayai yote katika simu. Mnakumbuka baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku ishirini. Siku kama hizo karatasi ya ukutani, redio na kijana wa toleka ndio wanaobaki. Njia ya habari itakayotegemea mega peke yake itakufa siku ile tunayoihitaji.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayowaomba, na haya ndiyo tunayowaahidi. Kila mahali palipo na familia zilizohama, chagueni watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na pale ambapo makabila yote mawili yanaishi karibu, mmoja atoke upande huu na mwingine upande ule. Wasiwe wale wenye simu nzuri. Wawe wale ambao watu huwafuata jioni kuwauliza. Sisi tutawapa namba moja ya kupiga, daftari, na pesa kidogo ya kuchaji simu. Kila neno watakaloleta litaandikwa, na kabla jua halijazama watapata jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba bado tunatafuta. Kila Jumamosi tutabandika karatasi ya maswali yote ya juma na majibu yake, kwa Kiswahili na Lingala, bila jina la aliyeuliza.

Mashefu, majina hayo mawili myalete kwangu kabla ya mwisho wa juma. Kalamu na karatasi ziko kwa mama aliyekaa mlangoni. Wale wanaovuka kurudi ng'ambo waanze kuuliza wao, ili wawahi mtumbwi kabla ya giza. Haya, mama pale mbele, nimeuona mkono wako tangu zamani, karibu.